Droni Inapokataa Amri

Droni ya kamera inayoelea juu ya ukumbi wa harusi huonekana imetulia tuli. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na hapa msemo huo uchukuliwe neno kwa neno. Mapanga manne ya chombo hicho yanaongezewa na kupunguziwa kasi mamia ya mara kila sekunde, kwa amri za kompyuta ndogo iliyo tumboni mwake. Kompyuta hiyo inasoma kihisi cha mwinamo, inasoma mgandamizo wa hewa ili ijue kimo, inasoma dira ili ijue pua imeelekea wapi, na inasikiliza satelaiti ili ijue iko juu ya kipande gani cha ardhi. Mwenye rimoti hafanyi lolote kati ya hayo. Yeye huomba tu: panda, geuka, nenda mbele; utekelezaji ni wa kompyuta. Ndiyo sababu mtu aliyenunua droni asubuhi anaweza kurudi jioni na picha za kupendeza. Ndiyo sababu pia siku droni inapokataa amri hajui ni kiungo gani kati ya hivyo vyote kilichomwangusha.

Warushaji wengi wana neno moja tu kwa mkasa huo: “imenitoroka”. Neno hilo linaeleza uchungu wa mwenye mali, lakini halielezi chochote kuhusu chombo. Ni sawa na mgonjwa anayesema ana homa. Homa ni dalili ya malaria, ya taifodi, ya nimonia na ya mengine mengi, na anayemeza dawa ya malaria kwa kila homa atapona mara moja na kuzidiwa mara tatu. Hoja ya sura hii ni kwamba kupoteza udhibiti wa droni si ugonjwa mmoja. Ni angalau manne, na yote huanza kwa dalili ileile ya chombo kwenda kisikotakiwa: mawasiliano kukatika, droni kutojua iko wapi, dira kudanganya, na mrushaji mwenyewe kupotewa na mwelekeo. Dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu kwa mwingine. Kwa hiyo ustadi unaookoa haukai kwenye wepesi wa vidole. Unakaa kwenye uwezo wa kutambua, ndani ya sekunde chache, ni lipi limetokea.

Tuanze na mawasiliano kukatika, kwa kuwa ndilo linaloogopwa zaidi na ndilo jepesi zaidi. Rimoti na droni nyingi huzungumza kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 au 5.8, mawimbi yanayozuiwa na ukuta wa zege, kilima, miti minene yenye maji, na hata mwili wa mrushaji aliyeipa droni mgongo. Mara nyingi tiba ni kugeuka, kusogea hatua chache kutoka ukutani, na kurekebisha antena ili ubavu wake, si ncha, uielekee droni. Hata hayo yasiposaidia, droni ya kisasa ina maagizo yake: hupanda hadi kimo kilichowekwa kabla, hunyoosha njia hadi pale iliporukia, kisha hutua. Mrushaji aliyejiandaa hapa hana kazi kubwa isipokuwa subira. Anayeharibu ni yule anayehangaika, anayezima na kuwasha rimoti, au anayesukuma vijiti hadi mwisho, hivyo mawasiliano yakirejea ghafla droni huipokea amri ya hofu iliyokuwa ikiisubiri.

Hata hivyo safari hiyo ya kurudi ni tiifu bila kuwa na akili. Kama kimo cha kurudia kimewekwa mita 30 na kati ya droni na mwenyewe kuna ghorofa la mita 50, droni isiyo na vihisi vya kuona vikwazo itaparamia ukuta kwa utii kamili. Kama ilikuwa chini ya mwembe, itapanda kwenye matawi. Kama ilirushwa kutoka kwenye boti iliyo safarini kati ya Unguja na visiwa vya jirani, itarudi kwa usahihi mkubwa mahali boti ilipokuwa dakika kumi zilizopita, ambapo sasa pana maji matupu. Na kama iliruka kabla ya kupata satelaiti za kutosha, huenda haikuandika nyumbani ni wapi. Upepo nao una hesabu yake. Droni yenye uwezo wa kwenda mita 10 kwa sekunde, ikirudi dhidi ya kusi linalovuma mita 8 kwa sekunde, inabakiwa na mita mbili tu. Kilomita moja ambayo ingeimaliza kwa chini ya dakika mbili sasa inadai zaidi ya dakika nane, na betri haikuombwa ushauri. Katika hali hiyo mrushaji ambaye bado ana mawasiliano hafai kuiachia droni ijirudishe yenyewe kwenye kimo kile kile. Anapaswa kuishusha, ikiwa chini hakuna vikwazo, kwa sababu upepo kwa kawaida hupungua karibu na ardhi.

Ugonjwa wa pili ni droni kutojua iko wapi. Ishara za satelaiti ni hafifu mno zinapofika ardhini. Majengo marefu huzikinga na mitambo ya kuvuruga huzifunika kwa urahisi. Mnamo Oktoba 2018, katika onyesho la taa juu ya bandari ya Victoria, Hong Kong, droni 46 zilianguka, na bodi ya utalii ya huko ilieleza kuwa ishara za satelaiti zilikuwa zimevurugwa. Droni ya kamera inayopoteza ishara hizo kwa kawaida haianguki. Inabaki sawasawa, inashika kimo, inatii kila amri, ila haina breki. Mrushaji akiachia vijiti, haisimami; inachukuliwa na hewa. Kwa upepo wa mita 8 kwa sekunde, dakika moja ya kungojea inatosha kuipeleka karibu nusu kilomita. Hapa subira iliyokuwa dawa katika ugonjwa wa kwanza ndiyo inayoua. Kitufe cha kurudi nyumbani nacho hakina maana, kwa kuwa chombo kisichojua kilipo hakiwezi kujua njia ya kwenda kwingine. Kinachotakiwa ni mkono: kuinamisha droni dhidi ya upepo, kuirudisha kwa macho, na kuitua mahali pa kwanza palipo salama, hata kama si pale ilipotoka.

Wa tatu ndio wa hatari zaidi, kwa sababu droni haijui kwamba inaumwa. Dira hupotoshwa na chuma: nondo zilizo ndani ya zege la paa la ghorofa, mabati, boneti ya gari, mfuniko wa shimo la maji taka, spika kubwa za ukumbini. Tuseme pua inaelekea mashariki na dira inasema kaskazini. Satelaiti zikiiambia kompyuta kwamba droni imesogezwa kidogo na upepo, kompyuta inatoa amri ya kurudi. Lakini amri hiyo inatekelezwa kwa upande usio sahihi, kosa linakua, marekebisho yanaongezwa nguvu, na droni inaanza kuzunguka katika duara linalopanuka au kuchomoka kwa kasi. Kila jitihada ya kujirekebisha inazidisha ugonjwa. Kumwambia mrushaji wa droni hii abonyeze kitufe cha kurudi ni kuikabidhi safari kwa dira ile ile iliyopotoka. Tiba hapa ni kuinyang’anya kompyuta madaraka ya mahali: kwenye droni zenye swichi ya kuzima msaada wa satelaiti, izimwe, kisha droni irushwe kwa mkono kama ile ya ugonjwa wa pili, na zisizo na swichi hiyo zishushwe ardhini upesi wakati bado ziko karibu. Tiba bora ni ya kabla. Droni inayolalamikia dira juu ya paa la zege isirekebishiwe dira papo hapo juu ya nondo zile zile. Ihamishwe, irukie mahali penye udongo.

Ugonjwa wa nne uko kichwani mwa mrushaji, na chombo kina afya tele. Droni ikiwa imempa mrushaji mgongo, kijiti kikienda kulia nayo huenda kulia. Ikimgeukia, kulia kunakuwa kushoto. Ikiwa mita mia kadhaa angani ni nukta nyeusi isiyo na mbele wala nyuma, na mrushaji anayesema inakimbia ndiye anayeikimbiza: anavuta kijiti ili irudi, inaenda mbali zaidi, anavuta kwa nguvu zaidi. Hapa dawa ni ile iliyokuwa sumu katika ugonjwa wa pili na wa tatu: kuachia kila kitu. Droni yenye satelaiti na dira timamu itasimama yenyewe, na mrushaji atapata muda wa kutazama mshale kwenye ramani ya simu, au kusukuma kidogo mbele na kuona umbali unaongezeka au unapungua.

Msomaji ana haki ya kuuliza: nani ana muda wa kuchunguza maradhi manne huku chombo cha mamilioni ya shilingi kikielekea baharini? Pingamizi hilo ni zito, na lingevunja hoja yangu kama utambuzi ungedai tafakuri ndefu. Lakini upo mtihani mmoja unaotenganisha yote manne, na unachukua sekunde mbili: ondoa vidole kwenye vijiti, tazama. Droni ikisimama, tatizo lilikuwa kichwani mwako. Ikiendelea kuteleza taratibu kuelekea unakoelekea upepo, imepoteza satelaiti. Ikizunguka katika duara linalokua au ikichomoka kuelekea upande ambao upepo hauelezi, dira ndiyo inayodanganya. Na kama inaendelea na jambo lake, kisha ukigusa kijiti kidogo haijibu kabisa, mawasiliano yamekatika. Sekunde mbili za kuteleza kwa upepo ule wa mita 8 hugharimu mita 16 hivi. Kinyume chake, nusu dakika ya kusukuma vijiti ovyo haigharimu umbali tu. Inafuta dalili zenyewe, kwa kuwa baada ya hapo hakuna anayeweza kujua ni mwendo upi ulitokana na droni na upi ulitokana na hofu. Tahadhari ni moja: mtihani huu hufanywa droni ikiwa na nafasi pande zote. Anayerusha mita mbili kutoka kwenye ukuta amejinyima uchunguzi kabla ya ugonjwa kuanza.

Mtihani huo una sharti jingine, nalo ni kuiona droni. Kanuni za nchi nyingi zinamtaka mrushaji asiipoteze machoni, na wengi huichukulia kanuni hiyo kama usumbufu wa ofisini, maadamu skrini ya simu inaonyesha kila kitu. Jioni ya tarehe 21 Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni aina ya Phantom 4 iligongana na helikopta ya jeshi ya Black Hawk. Ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilieleza kuwa mrushaji alikuwa ameipeleka kwa makusudi umbali wa maili mbili na nusu, yaani kilomita nne hivi, mbali kabisa na upeo wa macho yake. Alibonyeza kitufe cha kurudi, mawasiliano yakakatika, akasubiri, kisha akahitimisha kwamba droni imepata hitilafu na kuangukia majini. Helikopta ilitua salama ikiwa na jeraha kwenye panga lake, na mabaki ya droni yaliyokutwa ndani yake ndiyo yaliyowafikisha wachunguzi kwa mwenyewe, ambaye hadi hapo hakujua kuwa pametokea mgongano. Kwake yeye ulikuwa ugonjwa wa kawaida wa mawasiliano. Skrini ilimwonyesha kile ambacho kamera ilitazama, na kamera haitazami kinachokuja kutoka ubavuni. Jicho la mrushaji, basi, ni kifaa cha uchunguzi, na kuupita upeo wake ni kukubali mapema kwamba lolote likitokea atabaki kubahatisha.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa teknolojia: droni za leo zina kamera za kutambua vikwazo kila upande, dira mbili, vipokezi vya mifumo kadhaa ya satelaiti; magonjwa haya yanaelekea kwisha, kwa nini kumsumbua mwanafunzi? Ni kweli kwamba yanapungua. Lakini kupungua kwa ugonjwa hupunguza pia wanaojua kuutibu. Mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge aliandika juu ya kinaya hicho mwaka 1983, muda mrefu kabla ya droni kufika madukani: kadiri mashine inavyofanya kazi nyingi, ndivyo binadamu anavyokosa mazoezi, na bado yeye ndiye anayeitwa mashine inaposhindwa, yaani kwenye saa ngumu kuliko zote. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France namba 447, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilipata barafu kwenye mirija inayopima mwendo. Vipimo vikagongana, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, na marubani wakakabidhiwa ndege iliyokuwa bado nzima. Mmoja aliinua pua. Mabawa yakaacha kuibeba ndege. Na kwa zaidi ya dakika nne hakuna aliyeitaja kwa jina hali waliyokuwamo. Watu wote 228 walikufa. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ya mwaka 2012 inaeleza kuwa wafanyakazi wa chumba cha marubani hawakuitambua hali ile, na hivyo hawakuitibu. Ikiwa wataalamu wenye maelfu ya saa angani waliweza kushindwa na utambuzi, mpiga picha ambaye hajawahi kurusha droni bila satelaiti hata siku moja hana sababu ya kujiamini.

Pingamizi la tatu ndilo la kweli zaidi: yapo maradhi yasiyo na tiba. Mnamo Novemba 2016 kampuni ya GoPro iliagiza droni zake zipatazo 2,500 za aina ya Karma zirudishwe kutoka sokoni, baada ya baadhi kukatikiwa umeme zikiwa hewani. Droni ya mapanga manne iliyokatikiwa umeme haiteremki kwa mabawa, ni jiwe. Hakuna mtihani wa vidole utakaoiokoa. Nakubali, na kukubali huko kunaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha, kwa sababu daktari mwaminifu hutambua pia asichoweza kukitibu, na hapo swali linabadilika: kama ni lazima ianguke, ianguke wapi? Usiku wa tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio nchini Italia, droni kubwa ya kamera ilianguka na kupasuka hatua chache nyuma ya Marcel Hirscher, bingwa wa Austria, akiwa katikati ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Kampuni iliyosimamia matangazo ilieleza kuwa mawimbi ya kuongozea yalivurugwa na kwamba rubani aliishusha chini kwa makusudi ili aiharibu kabla haijamtoroka. Tuseme maelezo hayo ni sahihi kabisa: rubani alitambua, akaamua, akatoa kafara chombo. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika, kwa kuwa njia ya droni ilipita juu ya mwanariadha, na uamuzi sahihi ukaangukia nyuma ya mgongo wake. Shirikisho la mchezo huo, FIS, likapiga marufuku droni kwenye mashindano yake.

Kutokana na hayo yote unapatikana mpangilio wa thamani ambao lazima uwekwe kabla mapanga hayajaanza kuzunguka: watu kwanza, chombo baadaye, picha mwisho. Mwenye kuupanga akiwa hewani ataupanga kinyume, kwa kuwa saa hiyo macho yake yako kwenye picha na mfuko wake uko kwenye chombo. Mfano mzuri wa kupanga mapema uko Rwanda, ambako kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni mwaka 2016. Ndege zake zimewekewa mwavuli wa kuzishusha pale mifumo inaposhindwa. Kushindwa kumeshaandikiwa nafasi katika muundo wa chombo. Mrushaji wa kamera hana mwavuli, ila anaweza kuuandika muundo huo katika njia ya safari yake: kuipitisha droni kando ya umati na si juu yake, kuchagua mapema uwanja wa kuiangushia, na kukubali kwamba hata betri ikifika ukingoni na droni ikianza kutua kwa lazima, bado kijiti kinaweza kuisukuma pembeni, mbali na vichwa vya watu. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 ziligawa shughuli za droni kwa kiwango cha hatari, na mantiki yake ni hii hii: jambo la kwanza ni nani yuko chini.

Linalobaki ni mafunzo, na hapa utaratibu uliozoeleka unahitaji kupinduliwa. Mwanafunzi wa droni hufundishwa kwanza kupiga picha, na dharura huachwa kwenye kurasa za mwisho za kitabu cha maelekezo. Wapo watakaosema mpiga picha wa harusi hawezi kuhatarisha mtaji wake kwa mazoezi ya ajali. Hahitaji kufanya hivyo. Droni ndogo ya kuchezea isiyo na satelaiti, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya kazi, huchukuliwa na upepo kama ile kubwa iliyopotewa na satelaiti, na inafundisha mkono kwenye uwanja mtupu asubuhi kabla upepo haujaamka. Programu za kuigiza urushaji zinafundisha kupotewa na mwelekeo bila kuvunja hata panga moja. Atakayeyafanya hayo kwa wiki chache atajua tofauti ya maradhi manne kwa macho na vidole, na siku droni yake itakapokataa amri swali lake la kwanza litakuwa inaumwa nini. Asiyeyafanya atabaki na kitufe kimoja cha kurudi nyumbani, dawa moja kwa kila homa, na ataendelea kulaumu chombo kwa kosa la tabibu.